Nafasi Tano Mlimani, Wenyewe Wako Jikoni

Mpendwa Bibi Verna wa gazeti letu, naomba uninusuru, maana unajua mlima wetu mdogo siku hizi hupandi kuteleza kwenye theluji mpaka uweke nafasi mapema, na mimi ndiye niliyeupigia debe utaratibu huo kwa sababu foleni ya viti vya kamba vinavyopandisha watu kileleni ilikuwa inafika barabarani, basi kwa kuogopa kukosa theluji nzuri nikaweka nafasi Jumamosi zote za msimu, mimi, mume wangu na watoto watatu, na Jumamosi iliyopita baridi ilikuwa kali tukaona uvivu, tukabaki jikoni tunakula chapati za maji na asali ya utomvu wa mti, kumbe jirani yangu Dot amempeleka binti yake Hattie akateleze kutoka kileleni kwa mara ya kwanza, wakarudishwa getini, nafasi zimejaa, mtoto analia na mbao zake za kutelezea begani, na Dot akaniambia, "Marcy, shoga yangu, nikimjua aliyeweka nafasi asiende, namzika kwenye theluji!" nami nikaitikia, "Niite nije na koleo!" na sasa Alhamisi kijiji kinapiga kura utaratibu ubaki au ufutwe, Dot anataka ufutwe, mimi ni msemaji wa wanaotaka ubaki, je, niseme au ninyamaze?

Marcy Thibault

Marcy, koleo? Nimecheka mpaka mume wangu akadhani nimepaliwa. Kisha nikakasirika.

Shule sikukaa sana, lakini nimepika supu kwenye kibanda cha mlima huo tangu hujazaliwa, kwa hiyo foleni usinifundishe. Zamani tulikuwa sisi kwa sisi. Leo nusu ya jiji la Boston inamiminika huku, na bila utaratibu watu watakanyagana. Kuweka nafasi si kosa. Kosa ni ulafi wako, mwanangu! Theluji haijaanguka, wewe umeshaikalia. Mlima mtupu, wenye hamu wako getini. Huna haya?

Futa Jumamosi zote, bakiza ijayo tu. Hizo nafasi tano, apande Dot, apande Hattie, upande wewe uwabebee mbao, na wanao wawili. Mumeo na huyo wa tatu waoshe vyombo.

Mkutanoni tetea utaratibu wako bila kuinamisha kichwa, ila dai mawili: anayeweka nafasi asitokee wala asiifute, asipande tena msimu huo, na kila asubuhi zibaki nafasi za papo kwa papo za watu wa bondeni, maana sisi tunaamka, tunachungulia dirishani, tunaona theluji imeanguka, tunafunga duka tunakwenda. Ndivyo tulivyolelewa.

Lakini kwanza nenda kwa Dot. Usibebe keki kama mtu anayekwenda kuhani, hakuna msiba. Sema, "Ni mimi." Atakutukana. Pokea matusi yako, ni halali yako.

Na usingoje jioni. Gazeti hili hutupwa mlangoni kwako kwanza, kisha ndipo lipande kwa Dot. Majina sikuyabadilisha. Vaa viatu.

Bibi Verna