Mwanamume wa Sura ya Tisa

Kwako rafiki yangu Wino,

Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na watoto wameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima. Mama hajambo, anakusalimu, na anauliza lini utakuja kuchukua gauni lako. Limekwisha wiki ya tatu sasa, limening'inia hapa karakana, na kila nikilitazama natamani kulichana kwa mkasi. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ningepiga kelele tu.

Riwaya yako mpya nimeisikia yote. Ililetwa hapa na yule msusi wa mlango wa pili, akawa anatusomea kwa sauti huku sisi tunakunja pindo. Unanijua, hadithi za mapenzi nimezisoma tangu tukiwa shuleni, tukizificha ndani ya kitabu cha hesabu. Kwa hiyo nina haki ya kusema. Nimechoka na tajiri asiyecheka na mtu, anayewafokea wafanyakazi wake wote, kisha anatokea msichana mmoja mwenye miwani na roho yake inalainika kama siagi juani. Nimechoka na nyumba ya wageni iliyobakiwa na chumba kimoja chenye kitanda kimoja, kana kwamba maseremala wote duniani waliishiwa mbao siku hiyo. Nimechoka na yule mwanamke wa pili, ambaye lazima apake rangi nyekundu mdomoni na awe na roho mbaya. Mimi napaka nyekundu. Nimemdhuru nani? Lakini hayo ningekusamehe, ningecheka yakaisha.

Sura ya tisa je, Wino? Fundi umeme anasimama siku tatu mvuani, mbele ya karakana ya mshonaji aliyemkataa. Siku ya tatu anaingia, anamshika mkono asiondoke, na mshonaji anaangua kilio, anakiri kwamba hajawahi kupendwa hivyo. Msusi alishusha pumzi, akasema akimpata mwanamume kama huyo atamshukuru Mungu. Wasichana wangu wawili wa kazi wakaitikia. Mimi nilijidunga sindano.

Kisa hicho ni changu, na wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyenifunga kile kitambaa mkononi. Unajua kwamba mvua ilinyesha siku moja tu, na kwamba yule mwanamume alisimama pale ili wateja waogope kuingia. Unajua alivyonikaba kifundo cha mkono mpaka kikavimba, nikakaa mwezi mzima nakata nguo kwa mkono wa kushoto. Aliibwaga cherehani yangu sakafuni. Cherehani hiyo kitabuni haimo. Uvimbe haumo. Mvua ndiyo umeiongeza! Na uliponipigia siku ile kujisifia kitabu kinavyopendwa, ulisema mchapishaji aliona kisa cha mwanzo kizito mno, wasomaji wanataka mwanamume asiyekata tamaa. Kizito kwa nani? Nilikibeba mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama hajui. Kile kitabu nilikiazima, nikaisoma sura ya tisa peke yangu mara tatu. Umeandika vizuri, mwenzangu, na hilo ndilo linaloniuma. Kufika mara ya tatu nilikuwa simkumbuki tena yule wangu, namkumbuka wa kwako. Nikaanza kujiuliza kama labda mimi ndiye niliyekosea, labda yale yalikuwa mapenzi nami sikuyaelewa. Nikampigia simu. Baada ya miaka minne, Wino, mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Tulikutana mchana, mgahawani. Alikuja amenyoa vizuri, anaongea taratibu. Kumbe naye amekisoma. Akaniambia huku anatabasamu kwamba sasa hata vitabuni watu wanajua nani alikuwa na haki. Nilipotaka kuinuka alinikamata kifundo kilekile, chini ya meza ili watu wasione, akaniamuru niketi. Nikaketi. Aibu yangu iko hapo: niliketi, nikanywa chai mpaka ikaisha. Mhudumu alipokuja kufuta meza ndipo nilipopata sauti, nikasema mgahawa mzima usikie, "Huyu ananiumiza. Mwambieni aniachie." Akaniachia. Yule mama mhudumu alinisindikiza mpaka kwenye basi, kitambaa cha kufutia meza bado kiko mkononi mwake.

Polisi wameandika maelezo yangu. Kaka amebadilisha kufuli. Nashona mlango ukiwa umefungwa, na wasichana wangu wanajua kwa nini, maana nimewaeleza yote, na msusi pia. Msusi alilia. Kitabu chako hajakigusa tena.

Sitaki maua wala samahani ya kwenye simu. Nataka uje na daftari, ukae mbele yangu, uniulize, na uandike nitakachokujibu.

Wasalimie watoto na baba yao. Njoo Jumamosi asubuhi. Ukibisha hodi, sema ni wewe, maana siku hizi sifungui mpaka nisikie sauti.

Ni mimi rafiki yako, nikiwa bado na hasira,
Fundi