Lori Lisilo na wa Kulisukuma

Mama Chengo,

Natumai huko Malindi kwa dada yako mnalala pakavu. Hapa Chara maji ya mafuriko yamerudi mtoni. Kuku wako amebaki mmoja, yule mwekundu, na siku hizi anataga ndani ya lori.

Lori lenyewe asubuhi haliwaki. Betri nimechaji, plagi za kupasha injini nimebadilisha, hewa nimeitoa kwenye dizeli. Stata inazungusha vizuri, moshi mweupe unatoka, halafu kimya. Fundi wa Garsen asema ringi za pistoni zimelika, hewa haibanwi, kwa hivyo injini ikiwa baridi dizeli haishiki moto.

Lakini wewe wajua ugonjwa huo si wa leo. Nilikuwa napiga honi alfajiri, wanaume wanatoka na miswaki mdomoni, wanalisukuma mpaka linanguruma, na ndizi za kijiji kizima zinafika sokoni.

Honi bado inalia. Jana nilipiga, leo nimepiga tena, nikangoja. Hakuna aliyetoka. Kina Mwaro na majirani wengine wamejenga kulekule kambini walikokimbilia mafuriko, hawarudi.

Uliniambia lori likiwaka tu nije niwachukue.

Mtafutie Chengo shule huko.

Mumeo,
Dzombo