Kamba Iliyong'arishwa

Jumatatu, 3 Machi

Sebule imegeuka duka. Kaka amerudi kutoka mlimani amekonda, midomo imebabuka, na vidole viwili vya mguu havisikii kitu. Mama alilia, akampikia, akamtazama akila, kisha akatoa hukumu: vifaa vyote viuzwe. Hataki kuona hata pete moja ya chuma ya kupandia humu ndani, na mwanawe hapandi tena kitu kirefu kuliko kitanda. Nilingoja vita. Kaka akasema tu sawa.

Sawa?! Mtu aliyejinyima miaka yote hiyo ili avinunue? Nimemuuliza kama walifika kileleni. Eti walifika walipofika. Nimemuuliza huko juu kukoje. Akaniita Bi Maswali, akageukia ukutani.

Tumetandaza kila kitu kwenye zulia. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Shoka la barafu. Begi la kulalia. Koti la manyoya ya bata, limevimba kama godoro. Mikanda ya kujifungia kiunoni. Kamba mbili — ya buluu, na nyeupe yenye doa la masizi ya jiko. Kuuza ni kazi yangu, kwa kuwa nashona mapazia hapa hapa nyumbani. Na kwa kuwa nina mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Nani ananunua vitu vya mlimani? Si wapanda milima! Muuza barafu kachukua shoka; alilijaribu hewani, nikaruka nyuma ya cherehani. Mama mmoja wa ghala la samaki, lile la baridi kali, alivaa koti akakataa kulivua. Kaondoka nalo mwilini, na jua lote lile. Mlinzi wa usiku kajilaza ndani ya begi katikati ya sebule, akafunga zipu mpaka puani. Kimya. Nikadhani kapitiwa na usingizi.

Kila mmoja nimemhoji vilivyo. Kaka alikuwa anasikiliza mlangoni, na nikamwona anatabasamu. Nimefurahi mno.

Mama anasema vitu vichafu havina mnunuzi. Jioni nzima yuko uani na beseni.

Alhamisi, 6 Machi

Kamba nyeupe imeondoka! Kaka alikuwa hospitali kuonyesha vidole vyake. Kaja fundi rangi wa maghorofa — wale wanaoning'inia nje ya madirisha na ndoo kiunoni. Haogopi? Anaogopa mbwa tu. Kazi yake iko wapi kwa sasa? Jengo la benki, mkabala na kituo cha mabasi. Jumamosi anaanza upande wa barabarani. Mkewe anasemaje? Akacheka: mkewe ndiye aliyemtuma, maana kamba yake ya zamani imechakaa.

Aliipitisha yote mkononi. Safi, inang'aa. Akaiacha ya buluu, eti kwenye nyeupe ataona mapema ikianza kuchubuka. Mtu mwangalifu. Nimempenda.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi tukiwa mezani Kaka kaulizia kamba nyeupe. Mama akajibu kwa fahari: imeuzwa, na lile doa kalitoa yeye mwenyewe. Aliiloweka usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia mashuka.

Kaka akaweka kikombe chini.

"Mama, dawa ile inaila kamba. Nje inang'aa, ndani imeoza."

Mama akasema si wataifungia mizigo tu. Ikabidi niseme nani kanunua, na ya nini.

Kaka kazoa vifaa vilivyobaki, kavitia begini, tukakimbilia teksi. Mama na kandambili zake za bafuni. Namba ya fundi hatuna — mimi na maswali yangu yote, hilo sikuuliza! Lakini jengo nalijua, na upande naujua.

Tulipofika alikuwa tayari ananing'inia, juu kabisa, mdogo kama nzi. Tulipiga kelele, mabasi yakameza sauti zetu. Mlinzi wa jengo katupandisha kwa lifti mpaka kwenye paa, akawapigia zimamoto. Wako njiani, wamekwama kwenye foleni.

Niko hapa paani sasa. Kaka kaniambia nikae juu ya ndoo ya rangi, mbali na ukingo, na nisimuulize kitu. Basi naandika. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Kaka kalala kifudifudi ukingoni, kaongea na fundi taratibu. Asipande, asishuke, asijigeuze. Anafuatwa. Fundi kajibu neno moja, sikulisikia.

Kamba ya buluu, ile isiyoguswa na dawa, imefungwa kwenye nguzo ya zege. Kaka anavaa mkanda. Nilijua Mama atamng'ang'ania shati. Kweli kamshika — kashika mkanda, kauliza unakazwa wapi. Kaka kamwonyesha. Mama anakaza.

"Huko mlimani ulikuwa unafanya hivi?"

"Kila siku, Mama."

Mama kavuta tena, mpaka Kaka kaguna. Mama hajalia. Sijawahi kumwona na uso ule, na sijui niuiteje.

Kaka kaipa barabara mgongo. Visigino viko ukingoni. Sasa namwona kuanzia kiunoni tu. Sasa kichwa tu. Sasa simwoni.

Mama kalala pale pale alipokuwa Kaka, kandambili moja imemtoka. Anachungulia chini, anamwita fundi.

"Baba, tulia hivyo hivyo. Huyo anayekuja ni mwanangu. Kazi hii anaijua."