Mota ya Nyuma

Nyumbani, jikoni,
Ijumaa, tarehe 10 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako, na shemeji je, kifua kimemwachia? Watoto wanasoma? Sisi wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo haijatulia, na usiposoma barua hii hadi mwisho nitakununia.

Mota uliyotuma ilifika salama. Laiti ningeiacha kwenye boksi lake.

Unamjua Baba na kile kichwa chake cha treni ya mfano, Jeuri. Mota mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja na magurudumu yake. Rafiki yake Fundi Redio amebishana naye miaka nenda rudi kwamba mota moja ya katikati inatosha, mbili ni kujitafutia balaa. Baba hujibu kwamba mbili zinavuta vizuri zikilingana mwendo, ndiyo maana alijaribu mota tisa kabla ya kuzioanisha hizo.

Hayo niliyajua. Lakini ya nyuma ilishachoka, na mikono ya Baba, iliyotengeneza saa miaka yote hadi akastaafu, imeanza kutetemeka, nikaona nimpunguzie kazi. Alipokwenda kliniki nikaing'oa, nikapachika yako, nikafunga kifuniko. Sikumwambia mtu. Kiherehere changu unakijua.

Jumapili, kwenye maonyesho ya chama chao, Jeuri alikwenda vizuri kwenye tambarare. Alipoanza kupanda mlima na mabehewa kumi na mawili, mota mpya ikawa inakimbia, ya zamani inaburutwa. Gia zikasagika, moshi ukatoka mbele ya watu wote. Fundi Redio akatania kwamba mikono ya fundi saa nayo imestaafu. Watu wakacheka, Baba akacheka nao.

Siku moja kabla alikuwa amekaza skrubu za magurudumu, kwa hiyo anaamini ndiye aliyeharibu. Meza ya kazi ameifunika shuka. Leo amempigia simu Fundi Redio aje achukue zana zote, bure, hata bisibisi zake za saa. Atafika saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu.

Naogopa, Kaka. Kugombezwa si kitu, mimi ni mtu mzima. Naogopa ajue kwamba nilisimama pale nikamwacha achekwe. Ngoja niende.

Nimerudi, nisamehe mwandiko. Nimemwambia yote, Fundi Redio akiwa bado mlangoni. Hakufoka. Alitazama mikono yake, akauliza, "Kwa hiyo si mikono?"

Nikasema si mikono, ni mimi.

Akakaa, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Mama.

Zana hazikuondoka. Wako chumbani na Fundi Redio, wanamfungua Jeuri, na mlango wameufunga. Sijaitwa.

Nisalimie shemeji, wakumbatie watoto, na Shangazi akipita mwambie nampenda. Mungu awalinde nyote huko. Ukijibu, mwandikie Baba kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana.