Kitufe Ambacho Piano Yako Haina

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa tangu tukuzike huitikii. Nakuandikia nipo barazani kwako Malindi, saa mbili asubuhi. Saa nne binti yako Zuwena anaimba mbele ya walimu wa chuo cha muziki, na hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Ya kwanza nilimharibia mimi.

Ndiyo, mimi! Mpiga kinanda niliyezitikisa harusi kutoka Bububu hadi Chukwani, niliyewapigia mabwana wa Maskati wakasahau biriani. Unakumbuka ulivyonikalisha kwenye piano yako, skeli moja, sauti zikipanda na kushuka kama ngazi, wiki nzima? Kidole gumba kipite chini, rudi, anza tena. Nikakwambia, "Ami, mie nataka nyimbo, sitaki ngazi." Ukacheka. "Basi utaparamia ukuta, mwanangu."

Skuli niliikimbia, na skeli nikazikimbia. Nikanunua kinanda cha umeme chenye kitufe kinachopandisha au kushusha wimbo mzima, vidole vyako viko palepale. Mwimbaji akitaka juu, nabonyeza. Akitaka chini, nabonyeza. Watu wananiita fundi, nami naitika naam!

Wiki iliyopita chuoni tukakuta piano ya mbao kama yako. Zuwena ana mafua, na hadi leo hayajamwachia. Akaninong'oneza, "Kaka, nishushie kidogo, sauti haifiki." Wallahi, Ami, mkono ulikwenda kutafuta kitufe. Mbao tupu. Nikaanza palepale ninapopajua. Alipofika pa juu sauti ikamkatika, akasimama kashika mtandio, na mimi bado nnapiga tu, sijui hata namna ya kuacha.

Walimu wakampa wiki. Wiki nzima nimekaa kwenye piano yako, najifunza kuushusha wimbo bila kitufe. Mkono wa kulia umeanza kunisikia. Wa kushoto mwongo kama mwenyewe. Zuwena yuko jikoni, anasikia nakosea palepale. Jana ndipo akaniuliza, "Kaka, kesho utaweza?"

"Mimi? Unamuuliza samaki kuogelea?"

Akacheka, lakini kikombe alikiweka chini bila kunywa.

Chuoni yupo binti mmoja wa Mwanakwerekwe, mwanafunzi, hana mbwembwe hata chembe. Nimemsikia anapasha vidole: skeli zilezile ulizonipa mimi. Jana jioni nilimwendea kimyakimya na wimbo wetu. Akaupiga juu, akaupiga chini, wala jasho halikumtoka. Nikamwomba leo akae tayari. Zuwena hajui. Limebaki la mimi kufungua mdomo, na mdomo huu, unaujua, kwa kujisifu haujapata kukwama.

Anatoka sasa, keshavaa. "Twende, kaka, tusichelewe."

Nimemwambia, Ami. "Mdogo wangu, leo apige binti mmoja wa chuoni, nimeshamwomba. Mimi sijui."

Kanitazama, kanitazama. Kisha kanipa mkoba wake nimbebee, katangulia ngazini, koo analilainisha polepole.

Lala pema, Ami. Nnakwenda kukaa na wasikilizaji.

Mtoto wa kaka yako