Mtoto Aliyeogopa Karai

Malaba,
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama, tena shikamoo ya mikono yote miwili. Mgongo unaendeleaje? Na baba, kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe hupokea simu kwa spika, na haya sitaki mke wa kaka ayasikie kabla yako. Dereva atakayekufikishia barua hii ni mtu mzuri, mpe chai kabla hajaendelea na safari ya Mombasa.

Unakumbuka nilivyokuwa siku ya harusi? Nilikuambia Emase ni mwanamume ambaye Mungu alimkata kwa kipimo changu. Jioni akitoka mpakani, anakoshughulikia makaratasi ya malori, huniletea parachichi moja amelifunga kwa leso kama dhahabu. Huniita "Voi yangu", kwa jina la mji wetu. Akicheka, mama, hata foleni ya malori inasogea. Usije ukasoma yaliyo hapa chini ukadhani niliolewa kwa huzuni. Niliolewa kwa furaha kupita kiasi, na pengine hiyo furaha ndiyo iliyonifunga macho.

Alipokuja kuniposa aliwaambia wazi kwamba ana mtoto mchanga, Isaya. Baba akamuuliza, "Na mama yake?" Emase akainamisha kichwa, akasema, "Hayuko, mzee." Wewe ukampa pole, naye akaitikia, "Asante, mama."

Nilipofika huku, Isaya alikuwa anaketi mwenyewe, lakini maji hakutaka hata kuyasikia. Yakimiminwa tu kwenye karai, alikunja mwili wote na kulia mpaka midomo inabadilika rangi. Msichana aliyekuwa akimlea kabla yangu alikuwa anammwagia maji baridi kichwani kwa kikombe ili amalize kazi haraka, na sabuni inaingia machoni. Mwenye nyumba wetu, Mama Nekesa, akanishauri nimshike kwa nguvu.

"Mtoto hafi kwa kuoga, bibi arusi!" akasema, na wapangaji wote wakacheka.

Sikumshika kwa nguvu. Nilipasha maji nikayapima kwa kiwiko kama ulivyonifundisha. Mwanzoni sikumtia majini kabisa. Nilimpakata na kumpangusa kwa kitambaa chenye uvuguvugu, nikianzia miguuni, uso mwisho. Baadaye nikamwachia karai tupu alichezee, alipigepige na kikombe cha plastiki. Halafu nikatia maji ya kufunika vidole tu. Siku moja nikaingiza miguu yangu kwanza, nikajifanya maji yananitekenya. Akanitazama. Akaingiza mkono mmoja. Akayapiga yale maji, yakaniruka usoni, akacheka! Mama, nililia machozi. Emase aliporudi nikamwonyesha, naye akatunyanyua mimi na mtoto pamoja, tumelowa hivyo hivyo, akasema, "Huyu sasa ni wako."

Nami nikamfanya wangu. Kilibaki kitu kimoja tu, kumsuuza mgongo na kichwa. Hapo bado alipiga mayowe.

Wiki iliyopita, siku ya soko, nilikuwa nikimwogesha uani. Mwanamke mmoja akasimama langoni na ndizi kichwani, akaniita nyabo, kama wanavyoitana akina mama wa ng'ambo ya Uganda. Akaomba maji ya kunywa. Nikampa, lakini hakunywa. Alikuwa anamtazama Isaya anavyolia.

"Si kwa karai, nyabo. Huyo anaogea miguuni."

"Miguuni vipi?"

Akatua ndizi zake, akaketi kwenye kigoda changu, akavua viatu, akanyoosha miguu na kupandisha gauni hadi magotini. Akamlaza Isaya kifudifudi juu ya miguu yake, kidevu cha mtoto kikiwa kwenye kiganja chake. Akawa anachota maji kwa mkono mwingine, kidogo kidogo, akiyateremsha mgongoni huku akiimba Kiteso kwa sauti ya chini. Isaya akanyamaza. Maji yakapita kichwani, akafumba macho tu, kama mtu aliyefika kwao.

Nilifurahi, mama, sikufichi. Nikamwambia, "Dada, una mikono ya ajabu! Umejuaje?"

Akajibu bila kuinua uso, "Ni mimi nilimzaa."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa sokoni. Kisha nikaiona miguu yake. Kidole cha pili kimepanda juu ya kile kikubwa, sawasawa na vidole vya Isaya ninavyovisugua kila siku.

"Alikuambia nimekufa?" akaniuliza.

"Aliniambia hauko."

"Sasa niko."

Anaitwa Amoit. Baada ya kujifungua alimwogesha hivyo wiki za mwanzo, kisha akaugua akili, hapati usingizi, anaongea peke yake, anamwogopa hata mtoto wake. Emase akamrudisha kwao Tororo akatibiwe, akaahidi kwamba akipata nafuu atamfuata. Alipata nafuu. Emase akanifuata mimi.

Nilimkimbilia Mama Nekesa. Akanishangaa. "Kwani hukujua? Sisi tulidhani mmeongea. Msichana wa sekondari mzima anaolewa bila kuuliza!" Safari hiyo wapangaji hawakucheka.

Emase aliporudi nilimuuliza. Hakukana. Akasema kwa ile sauti yake tamu, "Mpenzi, mimi sikusema amekufa. Nilisema hayuko. Kwani alikuwa hapa?"

"Na pole ya mama yangu, mbona uliipokea?"

Akasema chai inapoa.

Heri angenidanganya waziwazi kama wanaume wengine, nikajua nimedanganywa. Huyu alichagua neno la kweli, akatuachia sisi wenyewe tujidanganye nalo.

Leo mchana Amoit amekuja na kaka yake kumchukua mtoto, kama alivyoahidi siku ile akiondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilidhani Emase atasimama mlangoni na kusema, "Mwanangu haendi." Sikujua mimi nitakuwa upande wa nani, lakini nilitaka asimame. Hakusimama. Alisema tu, "Basi, mchukueni," kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Hata hakumbusu.

Mimi ndiye niliyemfungia nguo zake. Mimi ndiye niliyemweleza Amoit habari za kiwiko, na kwamba uso uwe mwisho, na kwamba siku hizi anapenda kuyapiga maji, asimgombeze akimlowesha.

"Hilo la kuyapiga maji sikumfundisha mimi," akasema. "Nitamwacha alicheze."

Isaya akapanda mgongoni kwake, akalaza shavu, wakaenda. Hakugeuka. Sina haki ya kumlaumu, mama, lakini niliomba ageuke.

Walipotokomea, Emase akanishika bega. "Usilie, Voi yangu. Tutapata wetu."

Mama, mwezi huu sijaona siku zangu, na uliopita vilevile. Yeye hajui. Nikamuuliza, "Na huyo wetu, siku mimi nikiugua, utamwambia mwanamke gani kwamba siko?"

Akacheka, akasema nina maneno ya vitabuni. Kicheko chake bado ni kizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningekiona kibaya leo, ningefunga mizigo bila kuandika barua.

Naomba unisaidie jambo moja. Zungumza na baba akiwa ameshiba na ametulia. Muulize, binti akitaka kuja kujifungulia kwao na pengine asirudi alikotoka, atafunguliwa mlango, au ataambiwa mke ni wa kwa mumewe? Ukishajua jibu nipigie, lakini uzime spika. Useme "njoo" au "kaa", nitaelewa.

Msalimie baba. Msalimie bibi, mwambie shuka alilonifumia bado ni zuri. Kaka Mwakio na mkewe wasalimie, ila barua usiwape. Na shangazi aliyenipamba siku ya harusi umsalimie sana, mwambie asiniombe tena picha za mtoto.

Ni mimi mwanao, anayempenda mumewe na asiyemwamini,

Wakesho