Matanga ya Nyanya

Vihingo, Kisarawe
Mwezi wa tisa

Mama Kulwa wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Kulwa, namsalimu Doto, kila mmoja kivyake, maana najua nikiwasalimu kwa pamoja watagombana nani kasalimiwa kwanza. Baba na Mama wape shikamoo yangu kabla hujaanza kuwasomea. Goti la Mama linaendeleaje siku hizi za joto? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, amezaa au bado ananenepa bure? Mimi mzima. Nimekonda kidogo mashavuni, lakini mikono imenenepa kwa kubeba maji, kwa hiyo mkinipima kwenye mizani nadhani ni yuleyule.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, nami niliisoma mara nyingi kwa sababu ya ufupi wake. Uliniuliza neno moja tu: tuje, au tusije? Chini yake Baba akatia maneno yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwamba binti yake na wajukuu wake hawatapanda treni kutoka Tabora kuja kukaa kwa mtu anayelala chumba cha kuazima, mpaka mtu huyo awe na kiwanja chake na shamba lake analotambuliwa nalo. Kalamu nyekundu ilinichoma, lakini sikuwa na la kujibu. Ndiyo maana nimenyamaza miezi mitano. Leo ninalo la kujibu, ila ili uliamini inabidi kwanza nikuungamie mambo fulani. Ukimsomea Baba, ukifika penye jogoo, kohoa, halafu uruke.

Unakumbuka kazi yangu ya miaka mitatu ya barabara pale Maili Moja ilipokwisha mwaka jana, mwezi wa kumi, sikurudi nyumbani. Rajabu, mwenzangu wa sururu, alinichukua huku kwao Vihingo. Akaniambia kijiji cha ujamaa kinahitaji watu, na ardhi ya kulima ipo. Nikapewa chumba nyumbani kwa mama yake, Bibi Pili, na kipande cha kulima mboga. Ukishamaliza zamu yako kwenye shamba la kijiji, kipande chako ni chako kwa msimu.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaanza, sawasawa kama nyumbani. Moyo ukatulia. Nikapanda nyanya, nikapanda matango, nikapanda biringanya, matuta marefu mpaka Rajabu akaniuliza nalisha jeshi gani. Wenzangu walikuwa wanapanda mchicha na kunde, vijisehemu vidogo vidogo, basi. Niliwaonea huruma. Nilikuandikia, usikatae, barua unayo, kwamba watu wa huku ni wavivu na kwamba Mnyamwezi mmoja atawafundisha kilimo.

Mama Kulwa, mvua ya huku ikaisha kabla ya mwaka mpya.

Nilijua imepumzika. Kwetu mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, inakwenda nawe mpaka wa nne, inaweza kupumzika siku tatu nne ikarudi. Nikaisubiri. Kila asubuhi natoka, naangalia juu, narudi ndani. Wiki ya tatu nyanya zilikuwa na ukubwa wa karanga, na majani yamejikunja kama yanaona haya. Bibi Pili alipita akanikuta nimesimama katikati ya shamba nimeinua uso. Akaniuliza nimepoteza nini huko mbinguni. Nikamwambia kwetu Tabora mvua haijaisha mpaka mwezi wa nne. Akasema, "Basi nenda kaimalizie huko," akaenda zake.

Ile ilikuwa vuli, mke wangu. Watu wa huku wana mvua mbili. Ya kwanza ni fupi, inakuja na kuondoka kama mgeni aliyesikia hakuna chakula, na wao wanaijua, ndiyo maana wanapanda vitu vya haraka. Ya pili inaitwa masika, ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Mimi niliyekuja kufundisha kilimo nilikuwa sijui hata misimu ni mingapi.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza nusu. Niliposikia masika ndiyo mvua kubwa, nikasema vizuri, shida ilikuwa maji, sasa maji yanakuja. Nikashuka bondeni kabisa, penye udongo mweusi, nikajaza nyanya tupu. Rajabu alianza kuniambia kitu kuhusu bonde na masika. Nikamkatiza: kwetu Tabora nyanya za bondeni ndizo zinazokwenda sokoni. Hapo ndipo nilipopata jina. Wanaume wakaanza kuniita Bwana Kwetu, na mimi nikaitika, nikidhani ni heshima.

Ile barua ya mwezi wa nne niliyokuandikia kwamba nyanya zinapendeza haikuwa uongo. Zilikuwa zinapendeza siku niliyoandika. Zilinifika kifuani, kijani, nene. Wiki iliyofuata majani yakaanza madoa meusi, kisha mashina, kisha matunda yenyewe yakaoza yakiwa mabichi. Mvua haikatiki, jua halionekani. Kilichobaki kikachukuliwa na maji, maana bonde lilijaa, na nikaona vijiti vyangu vya kuegemezea miche vikielea kuelekea kwa watu nisiowajua. Za kwanza zilikufa kwa kiu, za pili zikafa kwa maji. Kwenye redio ya kijiji walikuwa wanatuhimiza kilimo cha kufa na kupona. Upande wa kufa nilikuwa nimeumaliza wote peke yangu.

Siku ile nililia. Nakuambia wewe tu. Nilikaa juu ya debe nikafikiria kalamu nyekundu ya Baba, nikafikiria Doto ambaye nilimwacha hajaota meno, nikasema nitakusanya nguo nirudi, watu wacheke wachoke.

Sasa sikiliza. Unajua Wazaramo, wenyeji wa huku, ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za babu zetu kuja pwani kwa miguu. Unajua pia mtani ana kazi yake penye msiba: anachekesha, anamwigiza marehemu, anazuia kaburi mpaka apewe chake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Asubuhi ya pili yake nilishuka bondeni kuangalia kama kuna mche wowote wa kuokoa. Nikasikia vilio. Nikakimbia, nikijua mtu kafa. Nikawakuta wanawake kama kumi, kanga zimefungwa viunoni, na katikati ya matuta yangu wamechimba kishimo. Kando yake nyanya tatu zilizooza zimeviringishwa kwenye jani la mgomba. Na Bibi Pili, mama mtu mzima mwenye wajukuu, amelala chali kwenye tope, amefunga macho.

Nikauliza kuna nini. Wakaniambia pole sana mfiwa, tumesikia umefiwa na watoto wote kwa mara moja. Bibi Pili hatoki kaburini mpaka watani walipwe.

Nilikuwa na jogoo mmoja, yule mwekundu niliyemnunua Maili Moja kwa mshahara wa mwisho. (Kohoa.) Walikuwa wameshamkamata kabla sijafika. Nikasema mchukueni, maana wangemchukua tu. Mmoja wa wanawake akataka kuomba dua ya maziko, Bibi Pili akafungua jicho moja akamkataza, akasema utani una mpaka wake na Mungu asiingizwe kwenye nyanya. Kisha akainuka, akatembea mbele yetu mikono nyuma, tumbo mbele, kidevu juu, na Mama Kulwa, ilikuwa mimi. Sijawahi kujiona. Akawa anapita kila tuta, anasimama, anatikisa kichwa, anasema "Kwetu Tabora." Wanawake wamekaa chini kwa kicheko, na mimi ninacheka huku machozi ya jana yakimalizika.

Halafu akalala tena kaburini, akabadilisha sauti, ikawa ndogo, ya marehemu. Kicheko kikapungua, kila mtu alitaka kusikia.

"Mimi sikuuawa na mvua," marehemu akasema. "Nimeuawa na baba yangu. Watu walitaka kumwambia, akawaambia kwetu. Angenisia kitaluni masika yakianza kuchoka, chini ya kivuli, akanihamisha mwezi wa sita, maji yakishashuka bondeni, baridi ikiingia, akachimba kisima kifupi akaninywesha asubuhi na jioni, leo ningekuwa hai. Mwambieni baba yangu nina wadogo zangu kwenye mbegu. Awasikilize wenyeji."

Wakafukia. Mimi nilisimama pale, nikijua kwamba yote niliyokosa kwa msimu mzima nimepewa na nyanya iliyooza. Nilimuuliza Bibi Pili baadaye kwa nini hakuniambia hivyo mapema, akiwa amekaa kwenye kiti kama watu wengine. Akasema alijaribu mara mbili nikamtajia Tabora. Jogoo tulimla siku ileile, wanaume nao wakaja, Mwenyekiti wa kijiji akala paja. Walitaka pia arobaini, nikawaambia sina jogoo wa pili.

Nikafanya kama marehemu alivyosema. Kitalu chini ya makuti mwishoni mwa mwezi wa tano, miche bondeni mwezi wa sita, kisima nikachimba na Rajabu, na maji madebe manane asubuhi, manane jioni. Kila nikitaka kusema kwetu, niliuma ulimi. Ngedere walijaribu, nikashinda nao shambani nikipiga bati. Mwisho wa mwezi wa nane, Mama Kulwa, zikaiva. Za kwanza kabisa alizichuma Bibi Pili bila kuniuliza, akasema yeye ndiye aliyelala kaburini. Baada ya hapo matenga kwa matenga yakapanda lori la kijiji kwenda Maili Moja, wale akina mama wanaouza kwenye mabasi ya Morogoro wakaanza kuuliza lori la Vihingo linakuja lini. Nimekula nyanya na ugali, nyanya na mihogo, nyanya na nyanya.

Ndipo nikapata nguvu ya kwenda mbele ya halmashauri ya kijiji kuomba kiwanja, na ruhusa ya kupanda michungwa. Hapo ndipo penye ugumu wa huku, uelewe. Nyanya na mihogo mgeni yeyote anaruhusiwa, anavuna anaondoka. Mti wa kudumu ni jambo lingine. Mwenye mchungwa ana ardhi iliyo chini yake, na watoto wake baada yake, hata vijiji vipangwe vipi. Kwa hiyo nilipotamka michungwa, wazee wakatazamana.

Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba kazi yangu wameiona, lakini mimi ni mgeni, nina wangu mbali, kesho nitapanda treni na mti utabaki na ugomvi. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimeshakaribia kuaga.

Bibi Pili si mjumbe. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchicha. Akasimama na ungo wake.

"Mwenyekiti, huyu tumemzikia hapa. Kaburi mimi mwenyewe nimelilalia. Tangu lini mtu mwenye kaburi kijijini akaitwa mgeni?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akajaribu kusema nyanya si maiti. Bibi Pili akamuuliza, kama hapakuwa na msiba, lile paja la jogoo alilikula kwa shughuli gani. Mwenyekiti akamgeukia katibu, akamwambia aandike: kiwanja kando ya Rajabu, na michungwa kumi. Katibu akauliza sababu aandike nini. Mwenyekiti akasema, "Andika ni mwenzetu." Nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa kwa wino.

Kwa hiyo mwambie Baba. Mpe shikamoo tena, umwambie nguzo nne za nyumba yetu zimesimama na jina langu liko kwenye daftari la kijiji, naye akitaka kuhakikisha apande treni na ninyi, Bibi Pili ameshauliza kama mkwe wangu naye ni mtani. Msalimie Mama na goti lake. Msalimie shangazi yako mshona nguo, na kaka yako wa stesheni, yeye ndiye atakayewatafutia nafasi behewani. Kulwa na Doto waambie baba yao ana jina jipya lakini wasimwambie mtu.

Jibu langu ni mje, na mje sasa. Wanasema mchungwa unakaa miaka minne, mitano, ndipo uzae. Kuungoja na watu wangu naweza. Peke yangu nimechoka, mke wangu, sitaki tena. Mashimo kumi nimeshachimba na samadi nimeweka. Tisa nitapanda mwenyewe mvua ikianguka tu. La kumi, lile la mbele ya mlango, sitaligusa, nataka mche wake uushike wewe. Usikawie kufunga mizigo, maana vuli ya huku ni fupi.

Mumeo,
Maganga